Kungu wa Bi Mwanaisha

Siku ya kuniaga, vijana wa idara walinipa shati la kitenge, saa ya ukutani na daftari kubwa lisiloandikwa kitu. Shati linanibana. Saa imeshasimama. Limebaki daftari, na wao hawachoki kunipigia simu: "Mzee, umeanza kuandika?" Haya, nimeanza. Ila atakayetafuta humu nilipandishwa cheo lini na nilikuwa nalipwa nini, asijisumbue. Hata mke wangu hajui, na tumeishi vizuri tu. Nitaandika habari za nyama na samaki, maana hizo ndizo nilizozikagua. Na zaidi nitaandika habari za samaki mmoja, ambaye kwa ajili yake nusura nimfukuze mtu mjini bila kosa.

Mimi ni mtu wa Tukuyu. Nilikulia kwenye migomba na mvua, na samaki niliowajua utotoni walitoka Ziwa Nyasa: mbasa, magege, na usipa waliotufikia wakiwa wamekauka. Bahari niliijua kwenye ramani. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipomaliza masomo ya afya, nilipangiwa Mbeya, machinjioni. Siku ya kwanza nilikwenda na koti jeupe ambalo mama yangu alilipiga pasi mara mbili. Wachinjaji walinitazama, wakatazamana, kisha mmoja akaniambia kwa adabu kubwa, "Bwana Afya, simama hapa, hapa ndipo pakavu." Nikasimama. Haikupita muda tumbo la ng'ombe likapasuliwa kuelekea upande wangu, na koti la mama likaisha kazi yake ya siku. Nikajua kwamba mwenye kisu ndiye anayejua wapi pakavu.

Ng'ombe wengi walitoka Usangu, wa Wasukuma waliohamia kule bondeni na mifugo yao. Nilifundishwa kuwapasulia maini nitafute minyoo, kupapasa matezi ya shingoni, na kukata ulimi na moyo kutafuta punje za tegu. Nilikuwa na visu viwili, kimoja cha nyama safi na kingine cha nyama yenye shaka. Vijana, visu viwili siyo mapambo. Nilikuwa pia na kindoano cha kunyanyulia, na mhuri wa wino wa zambarau ambao ulinipaka vidole mpaka kanisani watu wakadhani nimetoka kupiga kura.

Mambo mawili niliyaamini kama amri. La kwanza: mnyama akiwa na wekundu usio wa kawaida kwenye ngozi, kama nguruwe mwenye mabaka, hiyo ni homa, apelekwe shimoni, amwagiwe mafuta ya taa, mjadala umekwisha. La pili: samaki mwenye jicho jeupe ni samaki wa juzi. Kwa nguruwe wa Mbeya na magege wa ziwani amri hizo zilinitosha kabisa. Baada ya miaka miwili nikahamishiwa Iringa, na nikazibeba pamoja na godoro langu.

Mkubwa wetu pale Iringa alikuwa Mzee Luvanda, Mhehe mwembamba, mrefu, wa maneno machache. Aliandika kwa penseli tu. Alisema kalamu ya wino humpa mtu kiburi. Siku niliyoripoti aliniitikia "Kamwene," salamu ya kwao, bila kuinua kichwa, akanipa daftari, akasema, "Ambakisye, upande wa kushoto andika ulichokiona. Upande wa kulia andika unachodhani. Ukivichanganya, nitajua." Hiyo ndiyo semina elekezi niliyopewa. Ninyi siku hizi mnakaa hotelini siku tano.

Jumanne yangu ya kwanza nilikwenda soko la Mlandege mapema, baridi ya Iringa ikiniuma masikio. Lori la samaki lilikuja mara mbili kwa wiki kutoka Dar es Salaam. Jumanne na Ijumaa lilishusha sanduku la mbao lililojaa barafu na unga wa mbao, likarudi pwani na viazi. Sanduku lile lilikuwa la mwanamke mmoja, Bi Mwanaisha, mtu wa Kilwa, mjane wa dereva aliyefia huku bara. Alibaki Iringa na binti zake wawili wanaosoma, na meza yake ya saruji pale sokoni ndiyo iliyowalea. Alikuwa mnene, mcheshi, kanga mbili na sweta juu yake.

Nikafukua unga wa mbao. Loo! Nilikutana na samaki mkubwa kama mtoto wa mbuzi, mwekundu tangu mdomoni hadi mkiani, meno ya mbele yamechomoza kama ya mbwa, na jicho jeupe. Nikafukua mwingine, hivyo hivyo. Wote sita.

"Huyu ana nini?" nikauliza.

"Ana nini tena? Kungu huyo," akasema Bi Mwanaisha. "Kungu wa mwambani. Humjui?"

"Amekuwaje mwekundu?"

Akanitazama kuona kama natania. "Baba, ndivyo alivyoumbwa."

Sikumwamini. Wekundu, jicho jeupe, na meno yale! Nikaandika, nikapiga mhuri, nikaamuru sanduku zima litupwe. Alinisihi kwa sauti ya chini, asitake kunivunjia heshima mbele ya watu: "Mnuse basi, Bwana Afya. Mnuse tu." Sikunusa. Nilimwaga mafuta ya taa mwenyewe, nikarudi ofisini nimenyooka kama mlingoti.

Mzee Luvanda alisoma daftari langu mara mbili. "Umeandika hapa kushoto, 'ngozi nyekundu.' Ulitaka awe wa rangi gani?"

Akasogeza penseli yake upande wa kulia.

"Na kulia umeandika 'homa.' Homa ya samaki. Ulimpima?" Akachukua kofia yake. "Twende."

Tulimkuta Bi Mwanaisha anaosha meza isiyokuwa na kitu. Mzee Luvanda alivua kofia, akamwomba radhi kwa Kiswahili chake cha Kihehe, kisha akasema, "Mama, kijana wangu hajui. Ijumaa lori likija, mfundishe. Nami nitakaa nisikilize, maana hata mimi sijui yote." Nilitamani ardhi inimeze. Lakini ndivyo alivyokuwa: hakumkaripia mtu mbele ya watu, alikaa naye darasani.

Ijumaa Bi Mwanaisha alinifundisha kwa kidole gumba changu mwenyewe. Alinishika mkono akaubonyeza kwenye mgongo wa kungu: nyama ya samaki mzima hurudi juu, ya aliyechoka huacha shimo. Alifunua mashavu ili nione nyavu za ndani anazopumulia samaki, nyekundu na laini. Zikiwa kahawia na zenye utelezi mzito, mtupe. Alinisukuma pua humo humo. Palinuka bahari, au kitu ambacho baadaye nilipofika pwani nilikitambua kuwa bahari. "Na jicho," akasema, "samaki akilalia barafu jicho linafanya weupe, lakini bado limejaa. Aliyeoza jicho limezama. Usitazame rangi, tazama limesimama au limedidimia. Umeona?"

Nikaona. Nikawa mwanafunzi wake kila Jumanne na Ijumaa. Aliniambia kungu ni jambazi wa miamba ya matumbawe: anakula samaki wenzake, kaa, pweza, na akinasa ndoana huvuta mpaka mshipi unakata mkono. Baba yake alikuwa mvuvi, na kidole chake kimoja kilikuwa kimepinda kwa sababu ya kungu aliyeking'ata akiwa tayari ndani ya chombo. "Naye anaishi miaka mingi, si kama dagaa. Kwa hiyo wazee wetu wana mwiko. Kungu mkubwa kupita kiasi, hawamli bila kujua katoka mwamba gani. Iko miamba kule visiwani, kungu wake mzee ana sumu, na sumu yake huioni wala huinusi."

"Sasa mtu atajuaje?"

"Atauliza. Akikosa jibu, anamwacha."

Niliandika hilo kwenye daftari langu, upande wa kulia.

Sasa nafika kwenye kosa langu la pili. La kwanza lilitokana na kutojua, na watu husamehe. La pili lilitokana na kujua kidogo. Akina mama wa Iringa walipenda nyama ya kungu, nene na isiyo na miiba midogo, lakini walilalamika shombo. Samaki wa bahari hunukia kwa namna yake, na pua zilizozoea kambale mkavu hazikuipenda. Kwa kuwa nilitaka kumlipa Bi Mwanaisha wema wake, nikaanza kutoa elimu ya afya pale mbele ya meza yake. Nilisimama na kungu mkononi nikiwa nimejaa maarifa. "Akina mama! Mloweke samaki kwenye maji ya limau na chumvi, usiku kucha! Shombo inakwisha, na vijidudu vinakufa!"

Bi Mwanaisha alinivuta pembeni. "Usiku kucha? Sisi kwetu twampaka ndimu, twamwacha kidogo, basi."

"Kwenu ni pwani, Bi Mwanaisha. Limau kadiri linavyokaa ndivyo linavyofanya kazi. Haya ni mambo ya sayansi."

"Haya, bwana mkubwa," akasema, akaenda kupimia wateja. Biashara ilipanda kweli. Mwaka mzima nikaimba wimbo huo huo, na niliona fahari kusikia wanawake wakielekezana njiani: "Loweka usiku kucha, kasema Bwana Afya."

Kisha Mzee Luvanda akapata uhamisho kwenda Mbeya. Tulihuzunika, tukaamua kumfanyia karamu nyumbani kwake Mlandege, siku ya Jumamosi mchana. Upishi aliusimamia Mama Neema, mchapaji wetu wa ofisini, mwanamke hodari ambaye hata mashine yake ya chapa ilimwogopa. Akasema mzee hataagwa kwa maharage. Ataagwa kwa kungu. Ijumaa nilikwenda naye sokoni. Walikuwepo kungu watatu, mmoja mkubwa kupita wote niliowahi kuona, hata Bi Mwanaisha alikuwa akimgeuzageuza kabla sijafika. Nikawapima wote watatu kwa gumba, kwa jicho na kwa pua. Walikuwa wazima kabisa. Nikapiga saini.

Karamu ilifana. Palikuwa na wali, ugali, na mchuzi mzito wa kungu wa rangi ya dhahabu. Hotuba zilikuwa fupi kwa amri ya mwenye kuagwa. Mimi sikula samaki siku ile. Nilikuwa nimejaza tumbo kwa nyama ya kuchoma mapema, ulafi ulioniokoa. Sahani hazijaondolewa, Mama Neema akashika tumbo akakimbilia uani. Akafuata karani. Akafuata Mzee Luvanda mwenyewe. Katika muda wa kama saa moja idara nzima ya afya ilikuwa imeinama kwenye ua wa migomba inatapika, na majirani wanachungulia juu ya uzio. Jamani! Leo naweza kucheka. Siku ile nilikimbia kutafuta gari la hospitali, nikijua samaki wale walikuwa na saini yangu.

Hakufa mtu. Nataka hilo mlijue mapema, maana mimi sikulijua mapema. Hadi jioni walikuwa wamelazwa watu zaidi ya ishirini, wamechoka, wana maji ya dripu mikononi. Daktari kijana wa zamu alisikia neno kungu akanifungulia kitabu kinene. Pale palikuwa pameandikwa karibu kila alichosema Bi Mwanaisha: samaki wakubwa wawindaji wa miamba, na kungu ametajwa, wanaweza kukusanya mwilini sumu inayotoka kwa samaki wadogo wanaokula mwambani. Haina harufu wala ladha. Moto hauiondoi, barafu haiiondoi. Hakuna mkaguzi anayeweza kuiona kwa jicho.

Nilifarijika. Naona aibu kuliandika, lakini nilifarijika. Hakuna mkaguzi anayeweza kuiona! Basi saini yangu ilikuwa salama. Ningeandika mistari mitano na kila mtu angenihurumia.

Jumatatu msimamizi wa soko alifunga meza ya Bi Mwanaisha kwa kamba, akaniambia ifikapo Ijumaa anataka taarifa yangu. Ikisema ni samaki, samaki wa bahari wasiingie tena sokoni, na mwanamke huyo arudi kwao. Pale sokoni watu walikuwa wamejazana. Mmoja alisema samaki mwekundu ni jini. Mwingine akasema tangu zamani alimwona yule mama wa pwani ana mambo yake. Waliokuwa wamekula kungu wake mwaka mzima na kulamba vidole, sasa wote walikuwa hawajawahi kumpenda.

Nilimkuta nyumbani kwake. Vyombo vilikuwa kwenye gunia, magodoro yamekunjwa, binti zake wamekaa juu ya magodoro hayo na sare za shule.

"Unakwenda wapi, Bi Mwanaisha?"

"Kilwa, kwa kaka yangu. Akitupokea." Hakuwa analia, alikuwa amekwisha lia. "Bwana Afya, nikwambie kweli. Yule mkubwa nilimwona. Nikajisemea, huyu ni mkubwa mno, katoka mwamba gani huyu? Dereva sikumuuliza. Nikaona karamu ya mzee, nikaona sifa, nikanyamaza. Baba yangu angekuwa hai angenichapa." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Kama ni samaki wangu, andika. Nitaondoka mwenyewe, sitaki kuua watu wa watu. Ila kama siye, nakuomba kwa jina la Mungu, usinionee."

Nilitoka pale moyo mzito. Alikuwa amekwisha jihukumu, na mimi nilikuwa na kitabu cha kumhukumia. Ningeandika tu, naye asingebisha. Nilichokuwa nacho upande wa kulia kilikuwa kingi. Upande wa kushoto nilikuwa sijaandika hata neno moja. Nikarudi hospitali na daftari.

Kitabu kilisema mtu mwenye sumu ile ya mwambani midomo humchonyota, na akishika kitu cha baridi huhisi kinamuunguza. Nikapita kitanda kwa kitanda. "Maji baridi yanakuchoma?" Hapana. "Midomo inachonyota?" Hapana. Walionekana wanashangaa, maana wengi walikuwa wanataka kwenda nyumbani. Nilipofika kwa Mzee Luvanda alikuwa amekaa kitako, dhaifu, penseli sikioni.

"Hakuna kinachochoma," akasema. "Ila tangu nilipokula ule mchuzi, mdomo wangu una ladha ya msumari."

"Ladha ya nini, Mzee?"

"Msumari. Hujawahi kuwa fundi seremala wewe, ukashika misumari kwa meno?"

Nikarudi kwa wale niliokwisha wauliza. Ladha ya chuma. Ladha ya kufuli. Mmoja akasema kama amelamba bomba. Nikaandika yote kushoto.

Kutoka pale nikapita nyumbani kwa mke wa Mzee Luvanda, nikamkuta mzima kabisa, anamkorogea mumewe uji. Nikamuuliza kama hakula samaki.

"Nilikula sana. Mimi sipendi vitu vichachu, kwa hiyo nilikaanga mkia wa yule mkubwa. Haukuenea kwenye beseni la kulowekea, ukabaki nje. Tulikula na majirani wawili hawa hapa."

"Wa yule yule mkubwa?"

"Yule yule. Mtamu kweli."

Nilikaa chini kwenye kigoda bila kukaribishwa. Majirani wawili wale walikuwa wanachambua mboga uani, wazima kama ng'ombe. Nikaomba kuliona beseni. Alinitolea beseni kubwa la bati, jipya, lililonunuliwa kwa heshima ya karamu. Nusu ya juu iling'aa kama kioo. Nusu ya chini, pale maji ya limau yalipolala usiku mzima, ilikuwa imefifia, ya kijivu, na mstari unaonekana wazi kama alama ya maji ya mto.

Mwalimu wetu wa chuo alikuwa na msemo wake: kitu kichachu na bati havikai nyumba moja. Maji ya limau yanaila ile dawa ya kung'arisha bati, na anayekula anatapika upesi, kisha anapona. Niliwahi kuujibu mtihanini nikapata maksi zote. Nikauliza yale maji ya limau walimwaga wapi. "Hayakumwagwa," akasema, "Mama Neema aliyatia kwenye mchuzi, yasipotee."

Kungu hakuwa na kosa. Bi Mwanaisha hakuwa na kosa. Nilitoka mbio hadi hospitali, nikamkuta Mama Neema amefunga kanga yake anasubiri ruhusa. Nikamweleza yote, kisha nikamuuliza kwa sauti ya kikazi, "Na nani aliyekwambia mloweke samaki usiku kucha?"

Alikaza kwanza fundo la kanga.

"Si wewe, Bwana Afya?"

Niliandika taarifa usiku huohuo hadi karibu na alfajiri, na ilikuwa ngumu kuliko zote nilizowahi kuandika. Mwanzoni ilisema tu kwamba sababu ni chombo. Ilikuwa kweli, na ingetosha kumwokoa Bi Mwanaisha. Ningeweza kuiacha hapo, lawama ikabaki kwa beseni, ambalo halina mshahara wala jina la kupoteza. Mwaka mzima wengi walikuwa wameloweka kwenye vyungu na kumwaga maji, wakasalimika; lakini wanawake wangapi Iringa walikuwa wanaloweka samaki kwenye bati usiku ule? Nikaongeza sentensi moja ya mwisho: kwamba ushauri wa kuloweka ulitolewa na aliyeandika taarifa hii, bila kusema chombo gani kitumike, na ingawa mwenye samaki alimtahadharisha.

Alhamisi Mzee Luvanda alikuwa amesharuhusiwa, amekaa kitandani kwake masanduku ya safari ya Mbeya yamemzunguka. Alisoma polepole.

"Hii sentensi ya mwisho," akasema, "ingeweza kukosekana."

"Niifute, Mzee?"

"Nimesema ingeweza." Akachomoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. Kisha akamwomba mkewe kalamu ya wino, akatia saini chini ya saini yangu. "Kesho usipeleke karatasi tu. Mwaka mzima ulisema kwa mdomo, basi ukaseme kwa mdomo."

Ijumaa asubuhi msimamizi wa soko alisoma karatasi, akakuna kichwa, akakata kamba mwenyewe. Dereva wa lori hakuwa amepata habari za Iringa. Alishusha sanduku kama kawaida. Bi Mwanaisha, niliyekuwa nimempelekea ujumbe, alisimama nyuma ya meza yake na binti zake. Alipanga kungu wanne juu ya saruji, wekundu, na watu wakasimama mbali wakimtazama kama anayepanga nyoka.

Nikasimama mbele ya meza.

"Akina mama," nikasema, "mwaka mzima nimewaambia mloweke samaki kwenye limau usiku kucha. Nilikosea. Limau likilala kwenye beseni la bati linakuwa sumu. Hiyo ndiyo iliyowalaza watu. Samaki alikuwa mzima. Bi Mwanaisha aliniambia mapema kwamba usiku kucha ni mwingi, nikamdharau. Kosa ni langu, si lake."

"Kwa hiyo ni wewe?" sauti ya mwanaume ikauliza kutoka nyuma.

"Ni mimi."

"Kumbe tumelishwa bati!" Wachache wakacheka, wengi hawakucheka. Hakuna aliyesogea. Nilimtazama Bi Mwanaisha. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, macho kwenye samaki. Nilidhani basi, nimechelewa, neno langu halina tena thamani ya kumnunulia mtu hata samaki mmoja.

Ndipo umati ukasukumwa kando. Mama Neema alikuja taratibu, amekonda kwa wiki moja, kikapu mkononi. Alimpita msimamizi, akanipita mimi, akaweka kikapu juu ya saruji.

"Nipimie kungu," akasema. "Upande wa mkia. Ule uliowafaa wenzangu."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, Bwana Afya, leo una ushauri wowote?"

"Sina, Mama Neema."

"Afadhali."

Soko zima likapasuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja akasogea, akabonyeza kungu kwa gumba. Akaja mwingine nyuma yake. Bi Mwanaisha aliinua kisu, machozi yanamtiririka waziwazi wala hayafuti, akanitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Haya, sogea basi, baba," akasema. "Unanizibia wateja."

Nikasogea.